Kilichobandikwa Mlangoni mwa Darasa la Kwanza

Viatu alivivua mlangoni kila asubuhi, akavisukuma chini ya kabati, akavaa kandambili. Ndiyo maana shule nzima, kuanzia mlinzi wa geti hadi vijana wa darasa la saba, ilimwita Mwalimu Kandambili, ingawa mbele yake kila mtu alisema Mwalimu tu na kushika adabu zake. Jina hilo alilijua tangu siku lilipozaliwa, na hakulikasirikia. Anayefundisha darasa la kwanza nusu ya siku yake iko sakafuni, akiokota vizibo vya kuhesabia au akimbembeleza aliyejificha chini ya dawati, na sakafu haitaki visigino.

Darasa lile alilishika akiwa binti mwembamba aliyetoka chuoni juzi, na hakuliachia tena. Mwili ukanenepa, mvi zikachungulia, na baadhi ya wazazi waliokuja kuandikisha watoto walikuwa haohao aliowafuta kamasi zamani. Mara kadhaa aliambiwa apande madarasa ya juu, akakataa. Mtoto anaingia kwake ameshika penseli kama mwiko, na kabla mwaka haujaisha anasimama njiani kusoma kibao cha duka kwa sauti, herufi moja moja, huku mama yake aliyechelewa anamvuta mkono. Kati ya ile penseli na kile kibao kuna kitu kinatokea, na Mwalimu Kandambili alikipenda kuliko chai, na kwa chai hakuwa na utani.

Kasoro alizokuwa nazo ni mbili. Hakupenda makaratasi, na utani ulikuwa unamponyoka kabla hajaufikiria. Kila moja peke yake haikuwahi kumdhuru mtu. Zilipokutana siku moja, siku ya kwanza ya muhula wa pili, ndipo mambo yalipoharibika.

Shule ilikuwa imepata Mwalimu Mkuu mpya, mama mrefu, mnyoofu, umri sawa na mdogo wa mwisho wa Mwalimu Kandambili, ambaye hata akikaa hakuegemea kiti. Watoto walimpa jina la Rula kabla hajamaliza hotuba yake ya kwanza. Rula alitoa agizo: muhula ukianza, kila mwalimu abandike mlangoni mwa darasa lake karatasi inayoeleza wanafunzi watajifunza nini, wazazi wapite wasome. Agizo zuri tu, hakuna wa kulilaumu. Walimu wote waliandika yao wakati wa likizo. Mwalimu Kandambili alisema moyoni kwamba ya kwake anayo kichwani, kisha akasahau kwamba wazazi hawawezi kusoma kichwa.

Asubuhi ile Rula alipita, akautazama mlango mtupu, akasema kwa upole kwamba anatumaini karatasi itakuwepo kabla ya watoto kutoka kwenda kucheza. Mwalimu Kandambili akaitika ndiyo, akageuka, akakutana na nyuso za watoto waliokuwa wakimsubiri. Kalamu anayo, karatasi kubwa anayo, maneno hana. Basi akawauliza wenyewe. Muhula huu, wanangu, mnataka kujifunza nini?

Kimya kilichukua muda wa kupiga chafya. Kisha majibu yakaja. Mmoja akasema anataka ajue kufunga kamba za viatu, amechoka kumwita mama. Mwingine akasema kumenya chenza ganda litoke zima, kama babu yake anavyofanya. Pacha wawili walitaka kukonyeza, kwa sababu kila wakijaribu macho yote mawili yanajifumba na hawaoni kama wamefaulu. Yule waliyemwita Chiriku, mvulana mdogo kuliko sare yake, hakusema kitu. Alipiga mluzi, mmoja, mwembamba, safi, na darasa zima likapiga kelele kwamba hicho ndicho wanachotaka wote.

Wa mwisho alikuwa msichana wa dawati la mbele aliyeitwa Redio. Huyu alikuwa hana breki mdomoni. Kwa sababu yake mtaa mzima ulikuwa umejua jirani gani ameshona nguo mpya na baba wa nani analala kwenye kochi. Hakuwa na ubaya wowote. Maneno yalimtoka tu, kisha akashangaa pamoja na wengine. Aliinua mkono, akasimama, akasema kwa huzuni kubwa:

"Mimi nataka nijue kutunza siri, Mwalimu. Zangu zote huwa zinatoka."

Mwalimu Kandambili alipaswa kucheka, kuwapapasa vichwa kwa upole na kuandika mambo ya maana. Badala yake mkono ulishika kalamu na utani ukashika mkono. Akaandika kwa hati yake nzuri ya ubaoni, kwa lugha ileile ya vitabu vya wizara: Ifikapo mwisho wa muhula, mwanafunzi aweze kufunga kamba za viatu vyake bila msaada. Aweze kumenya chenza na kutoa ganda likiwa zima. Aweze kukonyeza jicho moja, la pili likibaki wazi. Aweze kupiga mluzi unaosikika. Aweze kutunza siri. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo zilizobanana: pamoja na kusoma, kuandika na kuhesabu kama kawaida.

Akabandika. Nia yake ilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, shoga yake wa miaka mingi, apite, acheke, kisha karatasi ishuke na ya kweli ipande. Lakini mtoto mmoja alitapika, mwingine akaingiza kizibo puani, na mpaka mambo yote mawili yanatulia, wazazi walikuwa wamejaa kwenye korido kuchukua watoto wao. Baba mmoja, fundi bomba, alisoma karatasi ile mara mbili huku mabega yakitikisika. Akaipiga picha kwa simu. Jioni ile picha ilikuwa imezunguka mtaa wote, na akina mama waliokuwa hawajui rangi ya mlango wa shule walisema kwamba sasa walau kuna shule inayofundisha mambo.

Kesho yake Rula alimwita ofisini. Mwalimu Kandambili alikwenda amevaa viatu, dalili mbaya. Alianza kueleza kwamba ulikuwa utani, kwamba ataibandua sasa hivi, kwamba samahani sana. Rula alimsikiliza mpaka mwisho bila kuegemea kiti.

"Huwezi kuibandua, Mwalimu. Wazazi wanayo kwenye simu zao, na wawili wamenipigia kunipongeza. Kilichoandikwa mlangoni ndicho nitakachokagua mwisho wa muhula. Kikikosekana hata kimoja, muhula wa tatu utachukua darasa la sita, na mwalimu wa sita atakuja kwako."

Darasa la sita! Wale wamempita urefu, wanajua kila kitu, na mwalimu akiimba wanatazamana. Mwalimu Kandambili alitoka pale, akapita mlangoni kwake, akaisoma karatasi upya kama ya mtu mwingine. Kamba, sawa. Chenza, sawa. Kukonyeza, inshallah. Alipofika kwenye mluzi alisimama. Yeye mwenyewe hakujua kupiga mluzi. Alipokuwa mdogo mama yake alimwambia mtoto wa kike hapigi mluzi, na kati ya makatazo yote ya mama yake, hilo ndilo pekee alilowahi kulitii.

Nyumbani mambo yalikuwa na dhihaka yake. Mume wake alikuwa fundi cherehani, anashonea sebuleni karibu na dirisha, na tangu siku ya harusi mdomo wake haukuwahi kupumzika. Alipiga mluzi akikata kitambaa, akitunga uzi, akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. Mkewe alikuwa amemwomba anyamaze kwa lugha zote, ya upole, ya ukali na ya kutupa mto. Jioni ile alisogeza kigoda, akakaa karibu na cherehani, akasema kwa sauti ya chini kwamba ana shida.

Fundi alipoelewa shida ni ipi, alisimamisha mguu. Akavua miwani, akaifuta taratibu, akafurahia kila sekunde. Alisema atamfundisha, bila kinyongo, ila kwanza apate ungamo. Mkewe akauliza ungamo gani. Fundi akasema aseme, kwa kinywa chake, kwamba mluzi wa mumewe ni mzuri.

"Si mbaya," alisema Mwalimu Kandambili.

Fundi akaanza kukanyaga cherehani.

"Haya, ni mzuri. Mzuri, baba. Nionyeshe sasa."

Alimwonyesha usiku baada ya usiku. Midomo hivi, ulimi pale, pumzi kidogo. Kilichotoka ni upepo. Ulikuwa upepo wa nguvu, ulizima kiberiti, lakini sauti haikuwemo. Fundi alicheka mpaka akashika mbavu, na mkewe akalala amempa kisogo.

Darasani hata hivyo kazi iliendelea, na hapa ndipo mtu anapoona kwa nini shule ilimng'ang'ania miaka yote. Kamba za viatu alizipitisha kwenye vipande vya boksi vilivyotobolewa, na kila tundu likawa na namba, kwa hiyo aliyefunga kiatu alikuwa amehesabu kwenda mbele na kurudi nyuma bila kujua amehesabu. Maganda ya chenza yalipotoka mazima yalilazwa kwenye dawati na kukunjwa yakawa herufi. S ilikuwa rahisi, K iliwatoa jasho. Kukonyeza kukawa hesabu ya kutoa, macho mawili ukifumba moja yamebaki mangapi. Kuhusu siri, kila Ijumaa alimnong'oneza mtoto mmoja jambo dogo na kumwambia akae nalo mpaka Jumatatu. Redio alipopewa zamu alikaa nalo mpaka kwenye geti.

Na mluzi? Mluzi alimwachia Chiriku. Mtoto yule alisimama mbele kwenye kiti na kuwafundisha wenzake kwa uvumilivu ambao vyuo havitoi, huku mwalimu wao akisimama nyuma ya darasa akijifanya anasahihisha madaftari. Siku moja Redio aligeuka, akamwona anavyohangaika na midomo, akauliza kwa sauti kama mwalimu hajui. Darasa likageuka lote. Mwalimu Kandambili aliona hana pa kujificha, akakiri, akawaomba hiyo iwe siri yao wote pamoja. Wakaapa, wengine mara mbili.

Kufikia katikati ya muhula zaidi ya nusu ya darasa walipiga mluzi, na alikuwa ameanza kulala vizuri. Kisha Chiriku alikuja kutoka uwanjani akikimbia, kiganja kimefumbwa, uso umejaa furaha. Akafumbua. Meno mawili ya mbele. Akafungua kinywa kumwonyesha pengo, akajaribu mluzi wake, ukatoka upepo.

Mwalimu Kandambili alikaa kwenye kidawati kilicholia chini yake. Mwanamke huyu alikuwa ameng'oa meno ya watoto wa mtaa mzima kwa uzi na kitasa cha mlango. Alikuwa na karatasi maalumu kabatini za kuyafungia yaende nyumbani salama. Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyetakiwa kukumbuka kwamba muhula wa pili wa darasa la kwanza ni msimu wa meno kung'oka, ni yeye, na ndiye aliyeandika kwa hati nzuri kwamba muhula huohuo watapiga mluzi.

Akapiga marufuku kung'ata penseli. Akapiga marufuku kusukuma jino kwa ulimi, na akawa anapita kati ya madawati kukagua mashavu yanayocheza. Watoto waliozoea kumletea meno yaliyolegea ayamalize waliona anawarudisha wakae, watulie, wasicheke sana. Haikusaidia kitu. Meno yalitoka kwenye mkate, yalitoka wakati wa nyimbo, moja lilitoka kwa chafya na kutafutwa na darasa zima. Siku ya ukaguzi ilipofika, ukiwaambia watabasamu unaona mapengo matupu.

Rula aliingia na kalamu, akaitoa ile karatasi mlangoni, akaiweka juu ya meza. Watoto wakafunga kamba, na wote wakafaulu, ingawa mmoja alikuwa amejifunga pamoja na mguu wa dawati. Alama ya vema. Chenza zikamenywa, maganda yakatoka mazima, mmoja akala lake kwa woga. Vema. Akawaambia wakonyeze. Darasa zima likamkonyeza kwa mpigo, na Rula, ambaye pengine hakuwahi kukonyezwa na mtu hata mmoja, alikohoa na kuinamia karatasi kwa muda kabla ya kuweka vema ya tatu.

Kisha akaomba mluzi. Wakavuta pumzi, wakabana midomo. Darasa lilijaa upepo na mate. Chiriku alijitahidi mpaka machozi yakamtoka, na Mwalimu Kandambili akatamani amshike amwambie si kosa lake. Rula aliandika alama ya kosa bila furaha yoyote. Tuseme ukweli, hakuwa mtu mbaya.

Ikabaki siri. Rula aliwaza kidogo namna ya kuikagua, kisha akauliza tu kama kuna siri yoyote wanayoijua. Vichwa vikatikisika kukubali. Akauliza ni ipi. Midomo ikabanwa, mikono mingine ikaifunika. Ilikuwa inapendeza kutazama. Rula akainama mbele ya dawati la kwanza, akalainisha sauti, akamuuliza yule msichana mwenye macho makubwa kama hata yeye hawezi kumwambia. Redio alishika dawati kwa mikono miwili. Alivimba mashavu, na kwa muda Mwalimu Kandambili aliamini.

"Mwalimu wetu hajui kupiga mluzi," ilimtoka. "Alisema tusiseme."

Makosa mawili. Rula akairudisha karatasi mlangoni na pini zake, akawageukia watoto, akawaambia kwa sauti ya kutia moyo kwamba hawakufaulu mluzi, kwa hiyo wafanye mazoezi likizo nzima. Hayo maneno tafadhali yakumbuke. Redio alilia mpaka akapata kwikwi, na aliyembembeleza ni mwalimu huyohuyo aliyeponzwa naye.

Muhula wa tatu Mwalimu Kandambili aliingia darasa la sita amevaa viatu. Vijana walimwamkia vizuri, wakafungua madaftari, wakaandika walichoambiwa. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeingiza chochote puani. Alieleza sehemu za ua kwa nusu saa, akauliza kama kuna swali, na kijana wa nyuma akauliza kengele italia lini. Alirudi nyumbani jioni ile akamwambia mumewe kwamba anajisikia kama mgeni aliyekaribishwa chakula na wenyeji wameshashiba. Fundi alikuwa na dhihaka ya kusema. Alimtazama usoni, akaimeza.

Likizo, hata hivyo, ilikuwa imefanya kazi yake. Meno mapya yalikuwa yamechomoza, makubwa na yenye misumeno. Na watoto wa darasa la kwanza, ambao hawakuwahi kutii kazi yoyote ya nyumbani, hiyo waliitii. Walifanya mazoezi bafuni, kitandani, sokoni, misibani, mpaka wazazi waliokuwa wamepongeza wakatamani kurudisha pongezi zao.

Mambo yalilipuka mstarini. Rula alikuwa anaeleza habari za nidhamu wakati Chiriku alipotoa mmoja, ule wake wa zamani, mwembamba na safi, sasa una nguvu mpya ya meno ya kudumu. Wa pili akajibu. Kisha darasa zima. Wakubwa walianguka kwa kicheko, mlinzi akaja mbio kutoka getini akidhani anaitwa, na yule mwalimu wa sita aliyehamishiwa kwao, bwana mkubwa wa hesabu mwenye sauti ya kutikisa vioo, alipaza sauti hiyo isisikike. Rula alipouliza ni nani aliyewaambia wapige mluzi, Redio alijibu kwa adabu zote kwamba ni yeye Mwalimu Mkuu. Walikuwa wanafanya marudio.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Walimaliza kuandika, wakapiga mluzi. Walikosa jibu, wakapiga mluzi. Bwana mkubwa wa hesabu alikauka sauti, akawa anafundisha kwa ishara, na mwishowe alikwenda ofisini kuomba arudishiwe watu wake wenye ndevu. Rula alimwita Mwalimu Kandambili. Safari hii alimwambia aketi.

"Rudi kwao, Mwalimu. Lakini tuelewane. Mluzi mmoja tu ukitoka kwenye darasa lile, unarudi sita, na hapo hutatoka mpaka unastaafu."

Alikubali kabla sentensi haijaisha. Akatoka ofisini akitembea kama mtu mzima anavyotembea, akapinda kona, kisha akakimbia. Kandambili zilikuwa bado chini ya kabati. Watoto walipomwona walimzunguka wakamkwamia miguuni, wakataka kumwonyesha meno wote kwa wakati mmoja, na yeye akayatazama jino kwa jino huku macho yakimlowa. Hakuficha. Alikuwa amewamisi vibaya sana.

Kuwanyamazisha hakukumchukua hata asubuhi. Aliwaambia kwamba wakaguzi wenyewe wameshasikia: mluzi umefaulu, somo limekwisha, na somo lililokwisha halirudiwi shuleni. Wakaridhika, maana walichokuwa wanataka ni kuambiwa hivyo. Isipokuwa Redio. Redio alifikiri, akainua mkono, akasema kwamba hawajafaulu wote. Mwalimu bado.

Hapo tena hakukuwa na amani. Waliona si haki watu watoke kwenye somo wakamwacha mmoja nyuma, na yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo. Kila wakipata nafasi walimsahihisha kimyakimya, bila sauti, kwa vidole tu. Chiriku alimwonyesha midomo kutoka dawati lake. Pacha walimwashiria asivimbishe mashavu. Fundi nyumbani alikuwa ameshindwa kwa sababu alikuwa anacheka. Hawa hawakucheka, walimtazama kwa uso uleule wa subira ambao yeye aliwatazama nao waliposhindwa kutofautisha b na d. Naye akazoea kubana midomo hata anapofanya kazi nyingine.

Ikawa asubuhi moja wanaandika, kimya kimetulia darasani, penseli tu zinakwaruza. Mwalimu Kandambili alikuwa mezani anasahihisha, akili iko kwenye daftari, midomo iko kwenye mazoea yake. Akavuta pumzi, akaitoa.

Mluzi ukatoka. Haukuwa upepo. Ulikuwa mluzi kamili, mrefu, wa kuita teksi, ukapita dirishani, ukavuka korido, ukaenda zake. Watoto wakainua vichwa. Kabla hajafurahi alisikia visigino vinakuja, vinyoofu, haviharakishi, na moyo ukamdondoka mpaka kwenye kandambili.

Rula alifungua mlango. Akauliza ni nani aliyepiga mluzi. Hakuna aliyejibu. Watoto wote walimtazama usoni kwa macho ya watu waliokuwa wanaandika tu. Alimuuliza Chiriku, Chiriku akaangalia penseli yake kama ameiona leo. Aliwauliza pacha. Mwalimu Kandambili alijaribu kusimama aseme mwenyewe, mdomo ukamgomea, bado ulikuwa umekaa kimluzi. Rula akamwona anavyohangaika. Alikwenda moja kwa moja kwenye dawati la mbele na kuinama, kama siku ile.

"Wewe unajua ni nani."

Redio alitikisa kichwa kukubali. Kusema uongo hakujua.

"Niambie basi."

Mashavu yakavimba. Mikono ikashika dawati. Neno lilipanda, kila mtu aliliona likipanda, likafika shingoni, likafika kwenye meno mapya. Chozi moja likatoka kwa ajili ya kazi ile nzito. Neno likageuka, likarudi chini lilikotoka.

"Najua, Mwalimu Mkuu," alisema Redio. "Lakini ni siri."

Rula akanyooka. Akamtazama Mwalimu Kandambili, akaitazama ile midomo, akatoka nje na kuurudisha mlango taratibu. Walisikia kalamu ikikwaruza karatasi upande wa pili. Baadaye kidogo mlango ukafunguka kwa upana wa kiganja, na mkono mrefu ukamwita Redio kwa kidole. Redio akaenda. Mlango ukafungwa.

Aliporudi alikuwa anatembea amenyooka sana. Alisimama mbele ya darasa akatangaza kwamba siri imewekewa vema juu ya lile kosa, na mluzi nao umewekewa vema. Darasa likataka kushangilia, Mwalimu Kandambili akawaonyesha kidole mdomoni, wakashangilia kwa kukonyeza. Alikuwa amebaki. Darasa lake ni lake. Alikaa kwenye kidawati cha karibu.

"Na kuna kitu Mwalimu Mkuu ameninong'oneza," aliongeza Redio. "Kimoja hivi. Chake."

"Kitu gani?" aliuliza Mwalimu Kandambili, upesi kupita ilivyofaa.

Redio alibana midomo, akatikisa kichwa, akaenda kukaa. Mwalimu wake alimbembeleza wakati wa kwenda kucheza. Alimpa chenza. Alimwambia kwamba wakubwa wanaruhusiwa. Alimngoja getini mchana, mahali pale ambapo siri zote za mtoto yule zilikuwa zikimwagika, akamsindikiza mpaka kwao, na mpaka leo, jamani, hajaambiwa.